Historia: Mazda MX-5, gari la wazi kutoka Hiroshima, na magonjwa madogo yanayoliua

Kunako tarehe 10 mwezi wa pili mwaka 1989, katika maonyesho ya magari ya Chicago huko Marekani, kampuni ya Mazda ya Japani ilionyesha gari dogo la viti viwili lisilo na paa la chuma. Juu yake kulikuwa na kitambaa kinachofunguliwa kwa mkono na kukunjwa nyuma ya viti. Wamarekani waliliita Miata, Wajapani waliliita Eunos Roadster, na sehemu nyingine za dunia lilijulikana kama Mazda MX-5. Wengi waliliona ni mchezo wa watu wenye pesa. Lakini kunako tarehe 22 mwezi wa nne mwaka 2016, gari la milioni moja la aina hiyo lilitoka kiwandani. Kati ya magari ya wazi ya michezo ya viti viwili, hakuna lililouzwa kwa wingi namna hiyo.

Kwa nini gari hili limeishi, na ndugu zake wa Uingereza waliolitangulia walikufa? Si kwa sababu ya mbio. MX-5 ya kwanza ilikuwa na motere ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 116 tu. Jibu liko garajini. Magonjwa yake ni madogo na yanajulikana, na fundi mwenye vyombo vya kawaida anaweza kuyatibu kabla hayajawa makubwa. Anayeyadharau hulipoteza gari lake. Historia hiyo inaigusa pia Kongo: kwanza kwa jambo chungu lililotoka chini ya ardhi ya Katanga, pili kwa magari ya Japani yanayopita kila siku katika barabara zetu.

Mji ulioungua kwa madini ya Kongo

Kampuni hiyo ilianza mwaka 1920 mjini Hiroshima, ikitengeneza vizibo vya gome la mti. Mwaka uliofuata Jujiro Matsuda alishika uongozi wake, na kisha kazi ya vizibo ikageuka kuwa kazi ya mashine. Mwaka 1931 ilianza kutengeneza pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, ambayo wafanyabiashara wadogo waliitumia kubebea bidhaa. Jina la Mazda liliandikwa kwenye pikipiki hizo miaka mingi kabla ya kampuni kutoa gari dogo la kwanza la abiria.

Tarehe 6 mwezi wa nane mwaka 1945, ndege ya Marekani iliangusha bomu la atomiki juu ya Hiroshima. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa katika kazi ya kutengeneza bomu hilo ilitoka Shinkolobwe, mgodi wa Union Minière ulio karibu na Likasi, mji ulioitwa Jadotville wakati huo. Mwaka 1940, mkurugenzi wa kampuni hiyo ya Kibelgiji, Edgar Sengier, alikuwa amepeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York. Baadaye jeshi la Marekani liliyanunua. Wachimbaji wa Katanga waliyoyatoa mawe hayo hawakuambiwa yanakwenda kufanya kazi gani.

Kiwanda cha Matsuda kilikuwa kando ya mji, umbali wa kilomita 5 hivi kutoka mahali bomu lilipolipukia, na kilima cha Hijiyama kilikikinga. Majengo yake mengi yalibaki yamesimama. Kwa muda, ofisi za serkali ya jimbo zilihamia humo kwa sababu zake zilikuwa zimeteketea. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka huohuo, miezi minne tu baada ya bomu, pikipiki za magurudumu matatu zilianza tena kutoka kiwandani. Hazikuwa vyombo vya anasa. Zilibeba mbao, chakula na vifaa vya kujengea katika mji uliokuwa majivu. Katika mji huohuo wa Hiroshima ndimo MX-5 imetengenezwa tangu siku ya kwanza mpaka leo.

Magari ya Uingereza yaliyovuja

Kabla ya MX-5, magari madogo ya wazi yalikuwa kazi ya Waingereza. Lililojulikana zaidi ni MGB, lililotoka mwaka 1962. Zaidi ya magari 500,000 ya aina hiyo yalitengenezwa, na mengi yaliuzwa Marekani. Yalikuwa mazuri machoni na ya kufurahisha barabarani. Shida ilikuwa siku ya mvua na asubuhi ya baridi. Motere zilivuja mafuta, waya za umeme zilileta taabu, maji yalipenya kwenye paa la kitambaa, na kutu ilianza kula chuma cha chini ya milango bila mwenye gari kuiona. Mwenye gari alilazimika kuwa fundi pia, la sivyo alifanya urafiki wa kudumu na fundi.

Mwezi wa kumi mwaka 1980, kiwanda cha MG cha Abingdon kilifungwa. Triumph Spitfire nalo lilikoma mwaka huohuo. Watu wengi wa kazi ya magari walisema mambo ya gari la wazi la bei nafuu yamekwisha.

Mwandishi wa habari za magari kutoka Marekani, Bob Hall, hakukubali. Mwaka 1979 alikuwa amekutana na Kenichi Yamamoto, mkubwa wa utafiti wa Mazda, akamwambia kwamba dunia inahitaji gari la namna ile ya Waingereza: dogo, jepesi, rahisi, motere mbele na nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Mwaka 1981 Mazda ilimpa Hall kazi katika ofisi yake ya California. Mwaka 1984 vikundi vya Tokyo na California vilishindana kwa michoro, na mchoro wa California ukashinda. Mhandisi Toshihiko Hirai ndiye aliyepewa kuongoza kazi mpaka gari lilipotoka.

Hirai na wenzake walifuata neno moja la Kijapani, jinba ittai, maana yake farasi na mpanda farasi kuwa kitu kimoja. Kwa hiyo walipunguza uzito, na gari likawa na kilo 950 hivi. Motere yake ilitokana na ile ya Mazda 323, gari la kawaida la familia. Hapo ndipo MX-5 ilipoachana na ndugu zake wa Uingereza. Chini ya kapo hakukuwa na kitu cha ajabu. Mazda 323 ilijulikana na mafundi wa nchi nyingi, hata Afrika: huko Harare, Zimbabwe, kiwanda cha Willowvale kiliunganisha magari hayo. Fundi aliyekwisha kufungua motere ya 323 ya miaka ile hakuwa mgeni mbele ya MX-5.

Adui wa kwanza ni maji

Hata hivyo, gari lisilo na paa la chuma lina udhaifu ambao mhandisi hawezi kuuondoa wote. Mvua ikinyesha, maji hushuka juu ya kitambaa na kukusanyika nyuma ya viti, pale kitambaa kinaposhikwa na mwili wa gari. Watengenezaji waliliona hilo. Waliweka mifereji miwili, mmoja kila upande, inayoshusha maji ndani ya mwili wa gari na kuyatoa chini, mbele ya magurudumu ya nyuma.

Familia zilizoishi chini ya hema zinajua jambo hili bila kufundishwa. Maji ya mvua lazima yapate njia. Mfereji uliochimbwa pembeni ya hema ukizibwa na udongo na majani, maji hayarudi juu, yanaingia mahali watu wanapolala. Kwa MX-5 ni vilevile. Gari likilala chini ya mti, majani na vumbi vinaingia katika mifereji, vinaoza, vinafanya tope. Maji yakikosa pa kutokea, yanabaki ndani ya chuma cha chini ya milango. Kutu inaanza kutoka ndani kwenda nje. Siku rangi inapofanya malengelenge karibu na gurudumu la nyuma, chuma cha ndani kimekwisha kuliwa kitambo. Kazi ya kukata na kuchomelea chuma kipya inaweza kupita bei ya gari lenyewe, na MX-5 nyingi zimepelekwa kwenye vyuma chakavu kwa sababu hiyo huku motere zake zikiwa bado nzima.

Dawa yake ni ya bei ndogo: waya laini au kamba ya plastiki isiyo na ncha kali ya kuzibua, kisha kikombe cha maji kinamwagwa taratibu juu. Maji yakitoka chini upesi, njia iko wazi. Yakichelewa, kuna kitu ndani. Mara mbili kwa mwaka zinatosha, na mara nyingi zaidi kama gari linalala chini ya miti.

Kitambaa chenyewe kinaomba heshima kidogo. Kioshwe kwa maji na sabuni laini, si kwa pompa ya nguvu. Kisikunjwe kikiwa kimelowa, kwa maana kitaota ukungu na kunuka. Katika MX-5 za kwanza, dirisha la nyuma lilikuwa la plastiki laini lenye zipu. Shofere alipaswa kufungua zipu na kulilaza dirisha kabla ya kukunja paa. Wengi hawakufanya hivyo, hasa wakati wa baridi, na plastiki ikapasuka. Kizazi cha pili kilipotoka mwaka 1998, Mazda iliweka dirisha la kioo, na ugonjwa huo ukaisha.

Mkanda, mafuta na bolti moja

Ndani ya motere za vizazi viwili vya kwanza kuna mkanda wa mpira unaounganisha sehemu ya chini na ya juu, ili vali zifunguke na kufungwa kwa wakati wake. Mpira huzeeka. Mazda ilisema ubadilishwe kila maili 60,000, karibu kilomita 96,000. Katika magari mengi, mkanda huo ukikatika, vali hugongana na pistoni na motere huvunjika. Katika MX-5 ya lita 1.6 haviwezi kugongana: gari linasimama barabarani, lakini motere inabaki nzima. Hata hivyo kusimama usiku mahali pasipo salama si jambo dogo, na mkanda haugharimu sana. Fundi mwenye busara, akifungua hapo, hubadilisha pia pompa ya maji, kwa sababu iko njia ileile na kufungua mara mbili ni kulipa mara mbili.

Kulikuwa pia na ugonjwa mmoja mbaya katika magari ya kwanza, yale yaliyotengenezwa tangu mwaka 1989 mpaka mwanzoni mwa 1991. Mbele ya mhimili mkuu wa motere kuna bolti inayoshika gurudumu la mikanda, na kipande kidogo cha chuma kinachozuia gurudumu hilo lisiteleze. Katika motere hizo, ncha ya mhimili ilikuwa fupi mno. Bolti ikifungwa bila kukazwa sawasawa baada ya kubadilisha mkanda, gurudumu lilianza kutikisika, kile kipande kikala nafasi yake, na mhimili ukaharibika. Dalili ilikuwa gari kupoteza nguvu pole pole bila sababu kuonekana. Katika mwaka 1991 Mazda ilirefusha ncha hiyo na tatizo likakoma. Kwa yale ya zamani, mafundi walijifunza kuitazama bolti hiyo kila mara na kuikaza kwa chombo cha kupimia nguvu, si kwa makisio ya mkono.

Mafuta ya motere ni habari ya kila gari, lakini hapa yana sauti yake. Asubuhi, MX-5 nyingi za kwanza hutoa kelele ya tik-tik-tik kutoka juu ya motere. Hutoka kwenye sehemu ndogo zinazosukuma vali, ambazo hujazwa na mafuta. Mafuta yakiwa machafu au yamepungua, hazijai vizuri. Mara nyingi kelele hutulia baada ya kubadilisha mafuta na filtri. Anayeisikia akaongeza sauti ya redio anajidanganya mwenyewe.

Sehemu ndogo zinazosimamisha gari

Mafundi wanaolijua gari hili wana orodha yao, na karibu kila kitu kilichomo ni cha bei ndogo.

Ya kwanza ni pompa ndogo ya chini ya ambreyaji, ile inayosaidia kukata nguvu ya motere wakati wa kubadilisha vitesi. Mpira wa ndani huchakaa, mafuta yanavuja, na siku moja pedali inashuka mpaka chini bila kurudi. Dalili hutangulia: mafuta katika chupa yake yanapungua, au vitesi vinaanza kukataa kuingia. Kuibadilisha ni kazi ya muda mfupi.

Ya pili ni radiateri. Sehemu yake ya juu ni ya plastiki. Ikiwa mpya ni nyeusi, na kadiri joto linavyoipika miaka mingi hugeuka rangi ya kahawia. Hiyo rangi ni onyo. Anayengoja mpaka ipasuke anaweza kuchemsha motere, na hapo gharama si ya radiateri tena. Maji yake nayo yabadilishwe kila miaka miwili, yakiwa na dawa ya kuzuia kutu, si maji matupu ya bomba.

Ya tatu ni batri. Katika vizazi viwili vya kwanza iko katika sanduku la nyuma, ili kusawazisha uzito. Kwa sababu iko mahali palipofungwa, ni ya aina iliyozibwa, yenye mirija ya kutoa hewa nje. Baadhi ya wenye magari waliweka batri ya kawaida ya bei nafuu bila mirija. Hewa yenye asidi ikabaki ndani na kula chuma.

Ya nne ni freni za nyuma. Freni ya mkono inatumia kifaa kilekile cha freni ya mguu, na kifaa hicho kisiposafishwa na kupakwa grisi hukwama. Gurudumu moja linakuwa la moto kuliko mengine, esanse inaisha haraka, na gari linavutwa upande. Mafuta ya freni hunyonya unyevu wa hewa. Kwa hiyo hubadilishwa kila miaka miwili, hata kama yanaonekana safi.

Kila kizazi na somo lake

Kizazi cha pili, cha 1998, kiliacha taa zinazoinuka na kushuka, ambazo motere zake ndogo zilikuwa zinachoka. Lakini kilikuja na kutu mpya katika nguzo za chuma za mbele, chini ya motere. Katika nchi za baridi, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, ilikuwa kali zaidi. Ndiyo maana gari lililotoka Uingereza huanza kukaguliwa chini kabla ya juu.

Kizazi cha tatu kilitoka mwaka 2005. Mkanda wa mpira ukaondolewa, na mnyororo wa chuma ukachukua nafasi yake. Mwaka 2006 likaja pia lenye paa gumu linalojikunja kwa umeme kwa sekunde 12. Watu walidhani shida ya maji imekwisha. Haikuisha. Mifereji iliwekewa vichujio vidogo vya kuzuia majani, na vichujio vyenyewe vikawa vinaziba. Asiyejua kwamba vipo hakuvisafisha, na maji yakarudi chini ya mazulia.

Kizazi cha nne kilionyeshwa mwaka 2014 na kuanza kuuzwa mwaka 2015, kikiwa chepesi tena, karibu tani moja. Katika baadhi ya magari yake ya mwanzo, gia ndani ya giaboksi zilivunjika, na Mazda ikabadilisha sehemu hizo zaidi ya mara moja. Hata baada ya miaka 25 ya kazi, mtengenezaji bado alikuwa anajifunza.

Piesi zilizorudi

Mwaka 2017 Mazda ilitangaza huko Japani jambo ambalo makampuni ya magari hayafanyi mara nyingi kwa gari la bei ya kawaida. Ilianza mpango wa kurekebisha MX-5 za kizazi cha kwanza na kutengeneza upya piesi zilizokuwa hazipatikani tena, yakiwemo mapaa ya kitambaa na pine za aina ileile ya zamani. Kampuni iliwauliza kwanza wenye magari na mafundi ni vitu gani wanavikosa. Watu waliolitunza gari kwa miaka karibu 30 ndio walioiambia kampuni kazi ya kufanya.

Magari mengi yaliyotumika Japani hufika mashariki mwa Kongo kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Gari la wazi la viti viwili ni nadra katika barabara za Goma, Bukavu au Butembo, na barabara zenyewe hazikulitazamia. Lakini radiateri ya plastiki, mkanda wa mpira, freni zinazokwama na chuma kinacholiwa na maji ni habari za karibu kila gari linaloteremka melini likiwa na umri wa miaka 15 au 20. Anayetaka kununua, kabla ya kutazama rangi na redio, na aulize: mkanda ulibadilishwa lini? Maji ya radiateri yana rangi gani? Zulia la chini, likishikwa kwa mkono, ni kavu?

Maswali hayo matatu hayalipiwi hata faranga. Muuzaji akikasirika kwa sababu yameulizwa, amekwisha kutoa jibu.